Fahamu Namna ya Kuchagua Mbegu ya Ng'ombe wa Maziwa Anayechungwa: Mwongozo kwa Wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Mfugaji anayelipia mrija mmoja wa mbegu ya dume leo hununua maziwa atakayoyakamua baada ya miaka mitatu hadi minne. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 280, kisha mtamba atakayezaliwa huhitaji miaka miwili na nusu au zaidi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, kosa la kuchagua mbari halionekani siku ya kuhimilisha. Huonekana wakati mtamba ameshakula malisho ya misimu kadhaa, ameshaogeshwa zaidi ya mara mia moja, na familia imeshapanga kulipa ada za shule kwa maziwa yake.

Ng'ombe walio wengi katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama hawalishwi bandani. Huchungwa: hutoka asubuhi, hutembea kutafuta nyasi na maji, hurejea jioni na kukamuliwa. Maziwa yanayofika Nyasho na kata nyingine za Manispaa ya Musoma kwa baiskeli na pikipiki yanategemea nyasi hizo, mvua za vuli na masika, na uwezo wa mnyama kustahimili kupe. Ng'ombe wa namna hii hawezi kuchaguliwa kwa kanuni zilezile zinazotumika kwa ng'ombe anayeletewa chakula mdomoni.

Jambo hili si jipya mkoani Mara. Musoma na Utegi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na mitambo ya shirika la umma la Tanzania Dairies Limited, na kwa miaka mingi mitambo ya shirika hilo nchini ilitumia maziwa ya unga ya msaada kwa kuwa maziwa ghafi yaliyokusanywa hayakutosheleza uwezo wake. Mtambo hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili. Kundi la ng'ombe wanaoweza kuulisha hujengwa kwa vizazi, na kila kizazi huanza na uamuzi wa dume gani atumike.

Sifa za dume hazisafiri zote

Katalogi za mbegu zinazotoka Ulaya na Marekani huonyesha namba kando ya jina la kila dume: kiasi cha maziwa ambacho binti zake wanatarajiwa kuzidi wastani, mafuta, protini, umbo la kiwele na kadhalika. Namba hizo ni za kweli, ila ni za kweli kwa mazingira zilimopimwa. Binti wa dume huyo walipimwa wakiwa wanakula nafaka na majani yaliyosindikwa, katika nchi isiyo na ndigana kali, mbele ya daktari wa mifugo anayefika siku hiyohiyo anapoitwa.

Ushahidi wa karibu zaidi na Mara ulitoka Kenya. Mwaka 2002 watafiti Ojango na Pollott walilinganisha madume ya Holstein ambayo binti zao walikuwa wakikamuliwa Uingereza na pia katika mashamba makubwa ya Kenya. Iwapo dume aliye wa kwanza Uingereza angekuwa wa kwanza Kenya pia, na wa mwisho kule akawa wa mwisho huku, uhusiano wa kijenetiki kati ya nchi hizo mbili ungekuwa 1. Walipata takriban 0.49. Wataalamu wa ukuzaji mifugo huanza kuwa na mashaka uhusiano huo unaposhuka chini ya 0.8. Kwa lugha nyepesi, orodha ya ubora iliyopangwa Uingereza ilivurugika sana ilipofika Kenya, na baadhi ya madume yaliyosifiwa hayakuwa na la kujivunia.

Ikumbukwe kwamba hayo yalikuwa mashamba makubwa ya kibiashara, yenye majosho yake na vyakula vya ziada. Kwa kundi linalochungwa kando ya ziwa au kwenye tambarare za Bunda, tofauti ya mazingira ni kubwa zaidi.

Nchi zilizoendelea zinazokamua kwa nyasi zimepitia funzo hilohilo. Ireland, ambako ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa nje kwa sehemu kubwa ya mwaka, iliona uzazi wa makundi yake ukidorora kadiri damu ya Holstein ya Marekani Kaskazini iliyochaguliwa kwa wingi wa maziwa ilivyoongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hiyo ilibadili kipimo chake cha kitaifa cha ubora wa madume, na uwezo wa kushika mimba ukapewa uzito mkubwa pamoja na maziwa. New Zealand nako, chotara wa Friesian na Jersey ndio kundi kubwa kuliko mbari nyingine yoyote katika makundi ya maziwa, kwa sababu ng'ombe mdogo kiasi anayezaa kila mwaka hubadili nyasi kuwa fedha vizuri zaidi kuliko ng'ombe mkubwa anayeruka mwaka.

Nyasi ndizo zinazopanga

Kabla ya kuuliza dume gani, mfugaji anashauriwa kuuliza nyasi kiasi gani. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake. Friesian wa kilo 550 anahitaji takriban kilo 14 hadi 16 za chakula kikavu. Mabingobingo mabichi yana maji mengi. Kilo 5 zake hutoa takriban kilo moja tu ya chakula kikavu. Hivyo ng'ombe huyo anahitaji kilo 70 hadi 80 za mabingobingo kila siku, na hapo bado hajaongezewa mashudu. Chotara wa Jersey mwenye kilo 350 anahitaji takriban kilo 45 hadi 50. Tofauti hiyo ni mzigo mzima wa majani kwa kila jua linalochomoza, na mwezi Agosti tofauti hiyo haipatikani malishoni kabisa.

Juni hadi Septemba ni miezi ya ukavu katika ukanda wa ziwa mkoani humo. Nyasi za asili hukauka na kupungukiwa protini. Mnyama hutembea mbali zaidi kupata kidogo zaidi, na mwendo wenyewe hutumia nguvu ambayo ingekuwa maziwa. Ng'ombe aliyerithi uwezo wa kutoa maziwa mengi hawezi kuuzima uwezo huo kwa sababu tu nyasi zimekauka. Huendelea kukamuliwa kutoka katika mafuta na misuli ya mwili wake mwenyewe. Mbavu huonekana, joto la uzazi halirudi, na mwaka unapita bila mimba. Wahenga waliposema ng'ombe haelemewi na nunduye walimzungumzia Zebu. Friesian hana nundu, lakini huelemewa na kiwele chake.

Hapa ndipo hesabu nyingi za wafugaji huharibika, kwa sababu sifa ya ng'ombe hupimwa kwa ndoo ya asubuhi moja. Mfano ufuatao unaonyesha tatizo. Ng'ombe wa kwanza hutoa lita 2,400 kila anapozaa, lakini huzaa kila baada ya miezi 20. Ng'ombe wa pili hutoa lita 1,600 tu, lakini huzaa kila baada ya miezi 13. Ukigawa maziwa kwa miezi, wa kwanza ametoa lita 120 kwa mwezi na wa pili lita 123. Katika miaka mitano wa kwanza amezaa ndama watatu. Wa pili amezaa wanne na huenda yuko karibu na wa tano. Jirani anayepita asubuhi na kuona ndoo iliyojaa atamsifu wa kwanza. Daftari litamsifu wa pili, ambaye pia amekula kidogo.

Nusu ya damu

Ng'ombe wa asili walio wengi mkoani Mara ni wa jamii ya Zebu wa pembe fupi wa Tanzania. Ni wadogo, wanastahimili joto na kupe, na majike yao hushika mimba hata katika hali ngumu. Udhaifu wao ni maziwa kidogo, kipindi kifupi cha kukamuliwa, na tabia ambayo kila mkamuaji anaijua: ndama asipoanza kunyonya, mama hashushi maziwa. Ndama akifa, mara nyingi kukamua nako kumekwisha. Tabia hiyo hupungua kadiri damu ya mbari za maziwa inavyoongezeka.

Swali ni damu hiyo iongezeke hadi wapi. Mwaka 1987 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha uchambuzi wa Cunningham na Syrstad uliokusanya matokeo ya majaribio ya uchotara kutoka nchi nyingi za kitropiki. Waliona kwamba maziwa huongezeka karibu kwa mstari ulionyooka kutoka ng'ombe wa asili hadi chotara mwenye nusu ya damu ya kigeni. Kupita hapo, hakukuwa na ongezeko la uhakika. Umri wa kuzaa mara ya kwanza na muda kati ya uzazi mmoja na mwingine vilikuwa vizuri zaidi karibu na nusu hiyo hiyo.

Sababu moja ni nguvu ya uchotara. Wazazi wa koo zilizo mbali wanapokutana, mtoto huzidi wastani wa wazazi wake katika uzazi, uhai na ukuaji. Nguvu hiyo huwa kamili kwa chotara wa kizazi cha kwanza tu. Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: robo tatu ya damu ya kigeni hudai robo tatu ya matunzo ya kigeni.

Kwa mfugaji anayechunga bila kulisha kwa ziada, lengo la kudumu linalofaa ni kundi lenye damu ya kigeni ya maziwa kati ya theluthi moja na nusu, au kupita nusu kidogo pale palipo na josho la uhakika na chakula cha kiangazi. Robo tatu na zaidi ni ya mfugaji aliyepanda malisho, anayenunua mashudu ya pamba au alizeti kwa utaratibu, na anayeogesha kila wiki bila kukosa. Wapo wafugaji wa namna hiyo katika wilaya hizi tatu, nao wasizuiwe. Lakini wengi huvuka mpaka huo bila kukusudia, kwa sababu tu kila mara mtaalamu anapokuja mbegu iliyo mkononi ni ya Friesian.

Mbari zenyewe zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Friesian hutoa maziwa mengi kuliko wote na ni mkubwa kuliko wote. Anapendwa kwa jina lake, na jina halinyweki. Ayrshire ni wa wastani kwa umbo na mzuri kwa kutafuta malisho. Jersey ni mdogo, maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5, hustahimili joto kuliko Friesian, na ndama wake ni mdogo, jambo ambalo ni la kuokoa maisha pale anapotumika kwa mtamba wa Zebu ambaye nyonga yake ni finyu. Kumpandisha mtamba mdogo wa asili kwa mbegu ya Friesian mkubwa ni kumtafutia matatizo ya kuzaa. Sahiwal, ambaye asili yake ni Bara Hindi, ni Zebu wa maziwa: hana mavuno ya Friesian, lakini hustahimili kupe na joto, na Kenya imemhifadhi na kumwendeleza kwa miongo mingi huko Naivasha.

Tanzania nayo ina mbari yake ya mchanganyiko, Mpwapwa, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa mkoani Dodoma kwa kuunganisha Red Sindhi na Sahiwal, Zebu wa Tanzania, Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire. Ilikusudiwa kwa mfugaji wa nyanda kavu anayetaka maziwa na nyama kutoka kwa mnyama mmoja. Idadi yake imebaki ndogo, na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, ndiyo inayoilinda. Wazo lililoizaa lilikuwa sahihi, na Brazil ilipitia njia inayofanana ilipomtengeneza Girolando kwa kuchanganya sehemu tano kati ya nane za Holstein na tatu kati ya nane za Gir.

Baada ya chotara wa kwanza

Kupata chotara wa nusu ni rahisi: jike wa Zebu kwa mbegu ya Jersey, Ayrshire au Friesian. Mtihani mgumu huja anapoingia joto huyo chotara mwenyewe. Wafugaji wengi hufika hapa bila mpango, na ndipo faida ya kizazi cha kwanza inapopotea.

Akirudishwa kwa Friesian, ndama atakuwa na robo tatu ya damu ya kigeni na nusu tu ya nguvu ya uchotara. Kwa mwenye malisho ya kupandwa ni njia ya kawaida. Kwa anayechunga, ni njia ya kumpata mnyama anayedai kuliko anavyotoa.

Akipandwa na dume chotara wa nusu kama yeye, damu hubaki nusu, lakini nguvu ya uchotara hushuka kwa nusu na ndama hawafanani: mmoja humfuata bibi wa Zebu, mwingine babu wa Ulaya. Njia hii hufaa pale tu dume huyo chotara amechaguliwa kwa rekodi za mama yake. Dume anayetumiwa kwa sababu tu alizaliwa hapo nyumbani huingiza bahati nasibu kundini.

Njia inayolinda faida zaidi ni kupokezana. Jike mwenye damu nyingi ya kigeni hupandwa na dume wa kitropiki, Sahiwal kwa mfano; binti yake hupandwa na dume wa maziwa wa kigeni; mjukuu hurudi kwa Sahiwal. Kwa utaratibu huo damu ya kigeni huyumba kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na takriban theluthi mbili ya nguvu ya uchotara hudumu vizazi vyote. Sharti lake ni moja: kujua kila jike amezaliwa na dume yupi. Bila kumbukumbu, kupokezana hugeuka kubahatisha.

Ipo pia njia isiyotajwa sana, ambayo inafaa kaya zenye ng'ombe wengi wa asili. Kaya hizo zinaweza kubaki na majike wao wa Zebu, kuwahimilisha kwa mbegu ya maziwa, na kuuza mitamba chotara wa nusu kwa wafugaji wa karibu na mji wanaotaka maziwa tu. Mnunuzi hupata mnyama mwenye nguvu kamili ya uchotara, na muuzaji hupata bei isiyolingana na ya ng'ombe wa mnadani. Majike walio bora zaidi kwa umbo na uzazi wabakishwe kupandwa na dume bora wa Zebu au Boran, ili shina lisikauke.

Kupe hawasomi katalogi

Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio, ndiyo muuaji mkubwa wa ndama na wa mitamba yenye damu ya kigeni katika ukanda wa Ziwa Victoria. Ng'ombe wa Zebu waliozaliwa katika eneo lenye ugonjwa huo hustahimili kwa kiwango kikubwa. Mtamba aliyeletwa kutoka eneo lisilo na ugonjwa anaweza kufa ndani ya wiki chache tangu kushuka kwenye gari. Ndigana baridi, mkojo damu na maji moyo navyo huenezwa na kupe. Upande wa Bunda unaopakana na hifadhi, mbung'o huongeza nagana.

Hivyo ratiba ya josho ni sehemu ya uchaguzi wa kosaafu. Kijiji chenye josho linalofanya kazi kila wiki kinaweza kubeba damu nyingi zaidi kuliko kijiji ambacho josho lake limekauka. Chanjo ya ndigana kali, ambayo msingi wake ni utafiti uliofanyika Muguga nchini Kenya, hutolewa mara moja katika maisha ya mnyama ikiambatana na dawa ya oksitetrasaiklini, na inapaswa kutolewa na mtaalamu. Haiondoi haja ya kuogesha. Wafugaji wasiichanganye na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inayotolewa katika Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwaka 2025. Hizo ni kinga mbili za magonjwa mawili tofauti.

Mrija au dume?

Mbegu za uhimilishaji nchini huzalishwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, na husambazwa kupitia vituo vya kanda, Kanda ya Ziwa ikihudumiwa kutoka Mwanza. Mbegu huhifadhiwa katika kimiminika cha naitrojeni chenye baridi ya nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Mtungi ukipungukiwa kimiminika hicho safarini, mbegu hufa bila kubadilika rangi wala umbo. Mfugaji ana haki ya kuuliza mtungi ulijazwa lini, na ana haki ya kusoma jina na namba ya dume iliyochapishwa kwenye mrija kabla haujatumika.

Katika kundi linalochungwa, kikwazo kikubwa ni kuliona joto. Ng'ombe hurudia joto kila baada ya siku 21 kwa wastani. Joto la Zebu ni fupi, la kimya, na mara nyingi huja usiku. Anayeliona ni mchungaji, si mwenye mali. Kwa hiyo mchungaji afundishwe dalili: jike anayesimama kimya akipandwa na wenzake, ute mweupe unaoning'inia, kutotulia, kupungua maziwa. Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Mahali ambapo mtaalamu hawezi kufika kwa muda huo, dume bora la pamoja ni chaguo la heshima, si la kurudi nyuma. Masharti yake ni mawili. Apimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kuingia kundini. Na asikae zaidi ya miaka miwili na nusu hadi mitatu, kwa kuwa baada ya hapo binti zake mwenyewe wanaanza kuingia joto. Vikundi viwili vya vijiji jirani vinaweza kubadilishana madume bila gharama ya ziada.

Zipo pia mbegu zilizochambuliwa jinsi, ambazo ndama tisa kati ya kumi huwa majike. Ni ghali, na uwezo wake wa kushikisha mimba ni mdogo kuliko wa mbegu za kawaida. Zitumike kwa mitamba wenye afya na walioonekana vizuri kwenye joto, si kwa jike aliyekonda ambaye ameshakataa mara mbili.

Majira nayo yana neno lake. Jike aliyehimilishwa mwishoni mwa Januari, akiwa amenenepa kwa nyasi za vuli, atazaa mwanzoni mwa Novemba mvua zikianza. Aliyehimilishwa Oktoba atazaa Julai, nyasi zikiwa zimekwisha, hata kama baba wa ndama ni dume bora duniani.

Daftari

Watafiti wa miradi ya kosaafu ya maziwa Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, walipima vinasaba vya ng'ombe wa wafugaji wadogo na kukuta kwamba mbari aliyoitaja mwenye ng'ombe mara nyingi haikulingana na damu iliyomo mwilini. Aliyeitwa Friesian halisi alikuwa chotara wa namna nyingi. Hilo si kosa la mfugaji. Ni matokeo ya miaka mingi ya kuhimilisha bila kuandika.

Kumbukumbu zinazotosha ni chache. Namba ya ng'ombe, mama yake, jina au namba ya dume aliyempata, tarehe ya kuhimilishwa, tarehe ya kuzaa, lita za siku moja kila mwezi, na sababu ya kuondoka kundini. Hereni ya utambuzi husaidia kwa sababu namba yake haibadiliki ng'ombe anapouzwa au mwenye mali anapofariki. Baada ya miaka mitano, daftari la namna hiyo humweleza mfugaji wa Butiama jambo ambalo katalogi yoyote haiwezi kumweleza: binti wa dume yupi walizaa kila mwaka kwa nyasi za Butiama.

Mfugaji anayehitaji mitamba badala ya mbegu anaweza kuulizia katika shamba la Serikali la kuzalisha mifugo la Mabuki, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, ambako pia kuna kituo cha TALIRI. Kabla ya kulipia mnyama kutoka mkoa mwingine, aombe maelezo ya damu ya mama na baba, chanjo alizopata, na kama alikulia mahali penye kupe. Kusafirisha mifugo kutoka wilaya moja kwenda nyingine kunahitaji kibali, na ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuanzia. Kuingiza mbegu kutoka nje ya nchi, hata kutoka Kenya iliyo jirani, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi.